Anayeporwa ni kozi, anayelipa ni kitwitwi

Kozi, ndege mwindaji, alitoka upande wa nchi kavu, chini chini juu ya mashamba ya viazi yaliyokwisha kuvunwa, akapita kando ya tuta nililosimama kama hatua ishirini kutoka kwangu. Hakupiga kelele wala kuniangalia. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, walikuwa wamejibana ukingoni mwa maji, maelfu kwa maelfu, na maji yalikuwa yanajaa kwa kasi. Waliinuka wote kwa pamoja, mlio wa mabawa yao ukafanana na shuka kubwa inayokung'utwa. Mmoja alichelewa. Labda alikuwa amelala, labda mguu wake ulinasa kwenye majani ya baharini. Kozi alimnyaka akiwa hajafika kimo cha mtu.

Ningetaka niseme kisa kikaishia hapo. Kwenye gogo lililotupwa na bahari, mita mia mbili hivi mbele, walikuwa wamekaa tai wawili wenye vichwa vyeupe. Nilikuwa nimewaona tangu asubuhi na nikawadhania wamepumzika tu. Kozi alipogeuka na windo lake, wote wawili waliinuka. Mmoja akamfuata kwa nyuma, mwingine akamkata njia. Kozi mwenye mzigo, hata mzigo mdogo namna ile, hana mbio zake za kawaida. Alimwachia. Kitwitwi akaanguka kwenye maji ya kifundo cha mguu, tai akashuka akamwokota kwa kucha za mguu mmoja, akarudi nacho kwenye gogo kile kimwili, na kabla sijasafisha ukungu kwenye kioo cha darubini alikuwa amekwisha kummeza.

Kozi alipiga duara moja. Kisha akapanda juu, juu mno, akaanza kuwinda tena. Alikosa mara nne. Mara ya tano alipata, na safari hii aliondoka naye moja kwa moja kuelekea mashambani, mbali na gogo. Nilibaki nimesimama pale na baridi imeniingia kwenye vidole, nikihesabu. Vitwitwi wawili wamekufa kwa mlo mmoja wa kozi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, na nimeibeba tangu majira ya baridi yale.

Naishi Canada mwaka wa kumi na moja sasa, katika mji mdogo wa Delta, kusini mwa Vancouver, mahali mto Fraser unapomwaga maji na tope lake baharini. Nafanya kazi ya usiku ya kuhudumia wazee. Nikitoka zamu asubuhi sipati usingizi mara moja, kwa hiyo huenda kwenye ghuba ya Boundary Bay, kwenye tuta refu lililojengwa kuzuia maji yasiingie mashambani. Upande mmoja ni mashamba, upande wa pili ni bahari, na ng'ambo kabisa, ndani ya Marekani, unauona mlima Baker umejaa theluji. Watu hutembea hapo na mbwa wao na baiskeli zao. Mimi hutembea kwa sababu ya matope.

Nimezaliwa Watamu, karibu na hori la Mida. Mtu wa Mida akiona tope tupu la bahari hulisoma kama mwingine anavyosoma gazeti. Nilipofika hapa mara ya kwanza, watu wa zamu yangu waliniambia ni mahali pa huzuni, pa kijivu, hapana kitu. Nikaenda nikakuta maji yamekupwa hadi ukingo wake hauonekani vizuri kwa macho, na juu ya tope lile ndege wadogo wanadonoa, wanakimbia, wanadonoa. Nilisimama nikalia kidogo, sioni haya kusema. Walikuwa vitwitwi.

Si wale wale wa kwetu. Vitwitwi wanaokuja Mida wakati wa kaskazi wengi hutoka Siberia, na wa huku hutoka Alaska magharibi, ambako hutaga mayai wakati wa kiangazi. Huyu wa hapa majira ya kuzaa hupata baka jeusi tumboni, na mimi humwita kitwitwi tumbo-jeusi ijapokuwa wakati wa baridi, ninapomwona mimi, tumbo lake ni jeupe na mgongo ni wa kijivu cha tope lenyewe. Ana uzito wa gramu 50 hadi 60. Ni kama yai la kuku. Makumi ya maelfu yao hukaa hapa kuanzia Novemba hadi Aprili, wakila minyoo na vidudu vya topeni, mchana na usiku, kadiri maji yanavyowaruhusu. Na maji ya huku wakati wa baridi hayana huruma: kupwa kukubwa huja usiku, na mchana, wakati kozi anaona vizuri, bahari inakuwa imejaa na vitwitwi hawana pa kukanyaga.

Niwaeleze pia kuhusu kozi, maana kwetu majina haya huchanganywa. Mwewe ni yule mwenye mkia uliogawanyika, anayezunguka juu ya masoko na kunyakua utumbo wa samaki. Kozi ninayemsema, ambaye wengine humwita kipanga, ana mabawa yaliyochongoka na masharubu meusi mashavuni, na akijitupa kutoka juu hupita kilomita 300 kwa saa. Hakuna mnyama mwingine duniani anayefikia mwendo huo. Tai kichwa-cheupe naye ni ndugu wa karibu wa furukombe wetu anayelia kwenye mito na maziwa. Mara ya kwanza kumwona nilidhani ni furukombe aliyepotea njia. Tabia zao pia ni za ukoo mmoja: furukombe hula samaki wake mwenyewe, lakini akimwona korongo au ndege mwingine ana samaki, humpokonya bila kusita.

Wizi huu wa angani si jambo geni kwa mtu aliyelelewa na kuku. Nyanya yangu alikuwa nao kumi na wawili, na kazi yangu ya likizo ilikuwa kulinda vifaranga. Nikisikia kuku anakoroma kwa namna fulani, napiga ukelele "Mwewee!" na watoto wote wa mtaa wanaitikia. Jioni nyanya alitusimulia kisa ambacho kila mtoto wa pwani na wa bara anakijua kwa namna yake: kuku aliazima wembe wa mwewe, akaupoteza, ndiyo maana mpaka leo anachakura mavumbi akiutafuta, na mwewe huja kuchukua vifaranga hadi deni liishe. Utotoni nilimwonea huruma kuku. Nilipokua nikajiuliza swali lingine: kifaranga alikopa nini?

Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alimwandikia binti yake barua mwaka 1784 akilalamika kwamba tai kichwa-cheupe, aliyewekwa kwenye nembo ya taifa, ni ndege asiye na tabia njema kwa sababu hukaa juu ya mti mkavu akimtazama yule mwewe wa samaki akihangaika, kisha humpora. Aliona sawasawa alichokiona. Ila yeye, kama karibu kila mtu anayeandika juu ya jambo hili, alimtazama mwizi na aliyeibiwa peke yao. Samaki hakumwingia akilini.

Aliyenifungua macho ni Dick Dekker. Huyu si profesa. Ni Mkanada mzaliwa wa Uholanzi aliyetumia maisha yake kutazama kozi wakiwinda, akiwa na darubini, daftari na uvumilivu ambao mimi naweza kuuota tu. Alikaa kwenye tuta hili hili, majira ya baridi baada ya majira ya baridi, akiandika kila shambulio: kozi alitokea wapi, maji yalikuwa wapi, alipata au alikosa. Pamoja na Ron Ydenberg wa chuo kikuu cha Simon Fraser, alionyesha mwaka 2004 kwamba vitwitwi huuawa zaidi maji yanapojaa, yanapowasukuma karibu na majani ya ufukweni ambayo kozi huyatumia kama pazia. Mwaka 2012 wao na wenzao walichapisha katika jarida la The Condor matokeo yaliyonigusa zaidi. Walilinganisha majira ambayo tai walikuwa wengi na wakipora kozi mara kwa mara, na yale ambayo hawakuwa hivyo. Tai walipokuwa wengi, kozi waliua vitwitwi wengi zaidi kwa kila saa. Kozi aliyeporwa harudi kulala na njaa. Hurudi kazini.

Niliposoma hayo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilikuwa nimeona kitu kile kile kwa macho yangu na nikakihesabu kwa vidole vyenye baridi, na hapa kuna mtu amekihesabu kwa maelfu ya saa.

Mtu anaweza kuuliza, na jirani yangu mmoja aliuliza: kwa nini kozi hapigani? Ana mbio, ana kucha, ana ujasiri wa kupasua kundi la ndege elfu kumi. Jibu ni la kibiashara kabisa. Tai ana uzito wa kilo nne, tano, hata sita, na kozi dume hafiki kilo moja. Bawa likivunjika, kozi amekufa, kwa kuwa mwindaji wa angani hana kazi nyingine ya kufanya akipona nusu. Na anachotetea ni nini? Gramu 50 za nyama. Kumwachia na kwenda kutafuta mwingine kunamgharimu muda tu. Kumng'ang'ania kunaweza kumgharimu maisha. Kwa hiyo huachia, na huachia mapema, mara nyingine kabla tai hajamfikia. Tai naye anajua. Amejifunza kumfuata kozi kama vile yangeyange wanavyofuata ng'ombe. Nimeona tai wanne wamepangana kwenye magogo, hakuna anayewinda, wote shingo zao zimegeukia upande aliko kozi mmoja.

Hapo ndipo namkumbuka mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mvuvi wa Mida na bado ni mvuvi, ingawa sasa magoti hayamruhusu kila siku. Nilipokuwa darasa la sita alichukua nyavu na mashine ya mtumbwi kwa mkopo kutoka kwa tajiri. Wanaotoka pwani wanajua tajiri ni nani: ndiye mnunuzi anayekukopesha vifaa, na kuanzia siku hiyo samaki wako wote ni wake kwa bei aipangayo yeye. Mjomba akirudi na kilo kumi, alilipwa kama wa kilo sita. Hakuweza kugombana, mashine si yake. Nyumbani kulikuwa na watoto watano, nami wa sita nikihesabiwa. Basi akafanya nini? Akaanza kwenda mara mbili. Alfajiri akaenda na jioni akaenda. Bamvua akaenda, maji mafu akaenda. Baadaye akabadilisha nyavu akachukua zenye macho madogo, na hilo nilikumbuka vizuri kwa sababu shangazi alilalamika: tafi walioletwa jikoni walikuwa wadogo kama kiganja cha mtoto, unawapara hadi hakuna kilichobaki.

Miaka mingi nilisimulia habari hiyo kama habari ya mjomba na tajiri. Mmoja mnyonge, mwingine mwenye nguvu. Dau la mnyonge haliendi joshi. Ni kweli. Lakini kule chini ya maji kulikuwa na tafi ambao hawakumkopa mtu mashine. Kila shilingi iliyokatwa kwa mjomba ilikatwa baharini pia, kwa samaki wadogo zaidi na mara nyingi zaidi. Hori lililolisha babu zetu lilianza kupungua, na watu wa mikutano wakaja kuwafundisha wavuvi ubaya wa nyavu ndogo. Sikumbuki mmoja wao akimwita tajiri aje asikilize.

Ninaposema haya sitaki mtu adhani kwamba kila wizi huongeza mauaji. Ulimwengu wa wanyama hauna kanuni moja. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi Skandinavia na katika hifadhi ya Yellowstone walionyesha kwamba mahali palipo na dubu wa kahawia, ambao huwafukuza mbwa mwitu kwenye mizoga yao, mbwa mwitu huua mara chache zaidi, si mara nyingi zaidi. Nilishangaa mwanzoni, kisha nikaona mantiki yake. Mbwa mwitu wakiangusha elki, yule kulungu mkubwa wa huku, huo ni mlima wa nyama. Dubu akija, inawafaa kukaa pembeni kusubiri ashibe, wakipata makombo. Muda wa kusubiri si muda wa kuwinda. Kitwitwi hana makombo. Akishamezwa amekwisha, hakuna cha kusubiri, na kozi anaondoka papo hapo kuwinda tena. Nadhani udogo wa windo ndio unaoamua. Duma wa Serengeti yuko katikati ya hao wawili: hupoteza karibu windo moja kati ya kumi kwa fisi na simba, huondoka bila vita, na swala wa kesho ndiye anayefidia.

Nirudi kwenye vitwitwi, maana kuna jambo lao ambalo linanifanya niende kwenye tuta hata siku nisiyokuwa na nguvu.

Miaka ya 1970, maji yalipojaa hapa, vitwitwi walifanya kama wanavyofanya vitwitwi wengi duniani: walikaa. Walisimama ufukweni au kwenye mashamba ya nyuma ya tuta, mguu mmoja umekunjwa, mdomo umefichwa mgongoni, wakingoja bahari irudi. Wakati huo kozi walikuwa karibu kutoweka. DDT, ile dawa ya wadudu, ilikuwa imeingia kwenye samaki na ndege walioliwa na kozi na tai, ikafanya maganda ya mayai yawe membamba hadi mama akilalia, yai linapasuka. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na Canada nayo ikawa imeibana sana. Polepole kozi wakarudi, tai nao wakarudi. Ni mojawapo ya habari njema chache za uhifadhi, na mimi naifurahia kwa moyo wote. Lakini kwa kitwitwi wa Boundary Bay habari hiyo ina sura nyingine. Kurejea kwa kozi ndiko kulikobadilisha maisha yake kwanza, na tai wakaja kuongeza uzito juu ya mzigo uliokuwepo.

Dekker aliandika mwaka 1998 kuhusu kitu ambacho vitwitwi walikuwa wameanza kukifanya. Maji yakijaa, hawakai tena. Wanaruka. Kundi zima linaondoka ufukweni, linakwenda juu ya bahari, na linabaki hewani hadi maji yaanze kukupwa. Saa mbili, tatu, siku nyingine zaidi. Juu ya maji wazi kozi hana pazia la kujificha, na ndege mwenye mwendo, aliye macho, katikati ya elfu ishirini wengine, si rahisi kumkamata kama aliyelala juu ya mguu mmoja.

Nimejaribu kumweleza mtu sura yake nikashindwa. Kutoka mbali ni moshi. Moshi unaokwenda upande mmoja, unasimama, unabadilika rangi. Vitwitwi wakigeuza migongo ni kahawia, wakigeuza matumbo ni fedha, na wakiwa katikati ya kugeuka hawaonekani kabisa, unabaki unatazama mawingu matupu. Kisha wanawaka tena. Watalii wa wikendi husimama na simu zao na kusema "lo!" Nami nilisema "lo!" kwa miaka miwili. Sasa ninapowatazama siwezi kutojua kwamba ndege wale wamechoka. Hawachezi. Wamekuwa na njaa tangu maji yalipofunika tope, na badala ya kupumzisha tumbo wanachoma kile kidogo walichokula usiku kucha.

Watafiti waliwapima. Vitwitwi waliokamatwa huku miaka ya 1990 na baada yake ni wembamba kuliko wale wa miaka ya 1970. Mtu angesema ni njaa, lakini maelezo yao yana kina zaidi. Mafuta ni akiba ya siku ya dhoruba, siku ambayo tope limeganda kwa baridi na hakuna kula. Mafuta hayo hayo ni mzigo siku ya kozi: ndege mzito huinuka taratibu, hukata kona vibaya. Kila kitwitwi anapaswa kuchagua, kwa mwili wake, anaogopa nini zaidi, dhoruba au kozi. Kozi walipokuwa wachache, alijaza akiba. Walipoongezeka, akaipunguza, akakubali kuikabili baridi ya Januari na mfuko mtupu ili awe mwepesi. Fikiria maana yake pale tai anapomlazimisha kozi kuwinda mara mbili. Si yule anayenyakwa peke yake anayelipa. Elfu ishirini wanaobaki wanalipa kwa mashambulio ya ziada, kwa saa za kuruka, kwa gramu ambazo hawathubutu kuzibeba.

Upande wa mashamba kuna toleo lingine dogo la kisa hiki. Bundi wa mchana, mwenye masikio mafupi, huwinda panya kwenye majani marefu, na mwewe wa nyikani mwenye kiuno cheupe humngoja apate kisha humvamia hewani hadi panya aanguke. Wapiga picha hulipenda sana tukio hilo. Bundi hulia kama mbwa mdogo aliyekanyagwa, na dakika chache baadaye yuko tena juu ya majani, kichwa chini, anatafuta panya mwingine.

Nisije nikaeleweka vibaya kuhusu tai. Simchukii. Novemba na Desemba tai wengi hukusanyika juu kwenye mito, kwenye samaki aina ya samoni wanaokufa baada ya kutaga. Samaki wale wakiisha, makundi yanateremka kuja Delta, wengine kwenye jalala kubwa la taka, wengine mashambani, wengine kwenye magogo ya ghuba yetu. Ni ndege wenye njaa wanaotumia akili waliyopewa. Mjomba naye hajawahi kumtukana tajiri mbele yangu. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunatengeneza malema, kwamba yule naye ana mtu juu yake huko Mombasa anayempangia bei. Hivyo hasira yangu haina pa kutua, nami sitaki kuilazimisha itue juu ya tai kwa kuwa tu anaonekana vizuri akiwa amekaa kwenye gogo. Ninachokitaka ni kwamba tunapomwonyesha mtoto tai akipora, tumwonyeshe na bahari iliyo nyuma yake.

Mwezi wa pili uliopita nilirekodi video kwenye simu, dakika tatu, maji yamejaa kabisa, moshi ule wa ndege unapinda juu ya bahari. Nikaituma kwenye kundi la familia bila maelezo. Binamu zangu walijibu kwa picha za mioyo. Mjomba hakujibu. Saa moja baadaye ikaingia sauti yake, na nyuma yake nilisikia upepo wa kaskazi na mtu anapigilia msumari kwenye mbao.

"Mwanangu," alisema, "hao vitwitwi nimewaona. Hawana pa kukaa hao. Wanangoja maji yakupwe." Akanyamaza kidogo, nikadhani amemaliza. "Na hapo kwenye gogo umekamata mtu mmoja mkubwa, kichwa cheupe. Huyo anangoja nini?"

Nilikuwa sijaona hata kidogo kwamba tai alikuwa ameingia kwenye video. Nikairudia. Kweli, pembeni kushoto, sekunde mbili tu, amekaa, na hatazami ndege. Anatazama juu zaidi.

Nikamweleza yote, kozi na tai na hesabu ya wawili kwa mlo mmoja. Nilituma sauti nne mfululizo, ndefu, kama mtu aliyekosa wa kuzungumza naye miaka kumi na moja. Alisikiliza zote, alama za buluu zikatokea moja moja.

Kesho yake nilitoka zamu saa moja asubuhi nikaenda tena. Maji yalijaa saa nne. Nilikaa kwenye tuta na chupa ya chai, nikaangalia saa vitwitwi walipoondoka ufukweni, nikaamua sitaondoka kabla yao. Kozi alipita mara mbili akakosa. Tai watatu walikuwa kwenye magogo. Mvua nyepesi ikaanza, ikaacha. Saa saba kasoro robo ukanda mwembamba wa tope ulijitokeza chini yangu, mwembamba kama leso iliyoanikwa, na kundi likashuka kutoka baharini likatua juu yake lote kwa mara moja. Hawakupumzika. Walianza kudonoa hapo hapo, miguu ikiwa bado imo majini.